Kabla hujanunua hita: jibu kwa Mwalimu wa Usa River

Mwalimu mmoja mstaafu wa Usa River ameniandikia barua ndefu, naifupisha hapa. Kwa sehemu ya kiinua mgongo chake alijengewa kitalu nyumba cha mita 6 kwa 10 nyuma ya nyumba. Fundi akamwekea matanki mawili meupe, yale ya mraba yenye kizimba cha chuma, lita 1,000 kila moja, vitanda vya kokoto pembeni na pampu moja ya kuzungusha maji kati ya samaki na mboga, mtindo unaoitwa akwaponiki. Mwezi wa tatu akatia vifaranga 300 wa sato. Hadi Mei mambo yalikwenda. Juni chainizi na spinachi zikaanza kuwa njano, samaki wakaacha kula, na kufika katikati ya Julai alikuwa ameshaokota 74 waliokufa. Maji ni ya kisima chake. Fundi anamwambia anunue hita ya umeme. Jirani anamwambia ahamie kwenye kambare. Mwanawe aliyeko Dar anamwambia avunje, auze plastiki, apumzike. Anauliza amsikilize nani.

Shikamoo Mwalimu. Pole kwa samaki, na pole zaidi kwa zile asubuhi za kuwaokota. Nianze na jibu, maelezo yafuate: hita usinunue, kambare hatakuokoa, na kuvunja si lazima. Ulichojengewa ni mfumo wa kisiwani uliowekwa chini ya Mlima Meru na kujazwa maji ya magadi. Ukibadilisha kalenda na maji, sehemu kubwa ya ulichonacho kitabaki.

Nikisema kisiwani simaanishi fumbo. Hesabu nyingi za akwaponiki ambazo mafundi wetu wanazinakili kwenye video zilitoka Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, kwenye kisiwa cha St. Croix, ambako James Rakocy na wenzake waliendesha kwa miaka mingi matanki manne ya samaki, lita 7,800 kila moja, yakilisha mita za mraba 214 za mboga. Pale ni Karibiani, usawa wa bahari, joto la Tanga mwaka mzima. Fundi akisoma kwamba mfumo huo ni wa nchi za joto, anaangalia ramani, anaona Tanzania ipo humo, anaridhika. Hajiulizi kwa nini mwezi wa saba Arusha watu wanauziana makoti ya mtumba hadi saa mbili usiku.

Sato hukua vizuri maji yakiwa na nyuzi 27 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 anakula kwa kusitasita. Yakifika 16 au 17 anaacha. Yakifika 10 hadi 12 anakufa kwa baridi yenyewe. Maji yako hayakufika huko, Usa River si Olmotonyi kule juu kwenye baridi, kwa hiyo samaki wako hawakuuawa na baridi moja kwa moja. Kuna sentensi katika barua yako niliyoisoma mara mbili: "Hata walipogoma kula niliendelea kuwawekea kidogo asubuhi na jioni wasije wakadhoofika." Mwalimu, hapo ndipo walipokufa.

Chakula cha samaki ni protini, asilimia 30 na zaidi. Kikiliwa, samaki anatoa amonia kupitia matamvua. Kisipoliwa, kinaoza chini ya tanki na kutoa amonia hiyo hiyo. Katika akwaponiki kuna bakteria wanaoishi kwenye kokoto ambao kazi yao ni kuigeuza amonia kuwa nitriti, kisha wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, na nitrati ndiyo mboga inaila. Bakteria hao nao huzubaa kwenye baridi kama samaki. Kwa hiyo Juni ulikuwa na samaki wasiokula, chakula kinachooza, na wafanyakazi wa usafi walioko likizo, vyote kwa wakati mmoja.

Halafu lipo la magadi. Amonia kwenye maji iko katika sura mbili, moja haimdhuru sana samaki na nyingine inamuunguza matamvua. Kinachoamua ni ipi itazidi ni pH, yaani kipimo cha tindikali ya maji, ambacho magadi hukipandisha, na joto kidogo. Maji yakiwa na nyuzi 25 na pH ya 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH ya 8 inakuwa kama asilimia 5. Kwenye 9 inafika asilimia 36. Wewe umepima 8.3. Mtu wa Moshi mjini mwenye pH ya 7 na amonia sawa na yako angeona samaki wamenywea kidogo tu, wakati wewe ulikuwa unazika.

Nakusimulia haya nikiwa na kovu. Mfumo wangu wa kwanza ulikuwa Pasua, Moshi, mita mia nane na kitu juu ya bahari, na ulikwenda vizuri hadi nikaanza kujiita mtaalamu. Nilipohamia Ngaramtoni, juu zaidi na kwenye baridi zaidi, nikaujenga ule ule, kipimo kwa kipimo. Julai ya kwanza nilitumbukiza kipimajoto saa kumi na moja alfajiri kikasoma nyuzi 14 na nusu. Nilidhani kimeharibika, nikaenda kuazima kingine. Kilikuwa kizima. Nilipoteza zaidi ya nusu ya samaki mwaka ule, na mimi pia nilikuwa nawawekea chakula kidogo wasidhoofike.

Tuje kwenye mboga, maana umanjano wake ni kesi nyingine. Nenda kwenye chainizi moja iliyogoma na uangalie ni majani yapi yamekuwa njano. Yakiwa ya chini, yale ya zamani, na yamekuwa njano jani zima, mmea una njaa ya naitrojeni. Yakiwa ya juu, machanga, na mishipa ya jani imebaki kijani kama mtu aliyechora ramani ya mito kwenye karatasi ya njano, huo ni upungufu wa chuma. Kutokana na picha uliyonitumia, yako ni ya pili. Na chuma hakikosekani kwa sababu hukiweki. Kwenye pH ya 8 hata ukitia misumari ya kutu ndoo nzima, mizizi haiwezi kukinywa, kinatuama chini kama tope jekundu. Wanaokushauri misumari waache waendelee na misumari yao.

Dawa ya haraka ipo. Duka la pembejeo ulizia chuma cha unga kinachoyeyuka majini, aina ya EDDHA, usikubali EDTA, kwa sababu EDTA inaachia chuma chake maji yakizidi pH ya 6.5 hivi, na EDDHA inashikilia hata kwenye 8 na 9. Ikiwa pakiti imeandikwa chuma asilimia 6, gramu 33 zinatosha lita 1,000. Ikoroge kwenye ndoo kwanza. Maji yatageuka mekundu kama rozela, usishtuke, samaki hawadhuriki. Baada ya wiki moja majani mapya yatatoka kijani. Yale ya zamani hayarudi, yavune au walishe kuku.

Lakini EDDHA ni kumpa mgonjwa panado. Ugonjwa wenyewe ni maji ya kisima, na hapa naomba tukae kidogo.

Usa River, Ngurdoto, Maji ya Chai, ukanda wote huo wa kusini-mashariki ya Meru, maji ya ardhini yamepita kwenye miamba ya volkano na kubeba soda, yaani magadi, na floraidi. Si lazima nikueleze wewe, umefundisha watoto wenye meno ya kahawia maisha yako yote. Kituo cha Ngurdoto cha kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa hakikuwekwa pale kwa bahati mbaya. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya ukanda wenu vinapita hapo mbali.

Sasa fikiria mfumo wako unavyofanya kazi. Maji yanazunguka, hayamwagwi. Kila siku mboga zinakunywa kidogo na jua linakausha kidogo, kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 3 ya maji yote. Yanayopanda hewani ni maji matupu. Soda inabaki na floraidi inabaki. Wewe jioni unafungua bomba la kisima unajazia, na soda nyingine inaingia, floraidi nyingine inaingia. Ni kama kuchemsha supu yenye chumvi na kila ikikauka unaongeza maji yenye chumvi. Mwezi wa kwanza huoni kitu. Baada ya mwaka sufuria haionjeki. Samaki huhifadhi floraidi zaidi kwenye mifupa kuliko kwenye mnofu, lakini mboga ya majani tunaila jani lenyewe, na wajukuu wako ndio walaji. Kabla ya kitu kingine chochote peleka chupa ya maji ya kisima na chupa ya maji ya tanki kwenye maabara ya ubora wa maji, upimiwe floraidi, sodiamu na kile wanachokiita alkalinity, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isishuke. Karatasi ile ni ya maana kuliko pampu ya pili.

Na usijaribu kuishusha pH kwa kumimina siki, ndimu au, Mungu aepushe, maji ya betri. Maji ya soda yana ukaidi wake. Leo utaisoma 7, keshokutwa imerudi 8.2, na katikati hapo samaki umewayumbisha. Maji ya betri iliyotumika yana risasi ndani, hayo hata usiyalete karibu na kitalu.

Suluhisho liko juu ya kichwa chako, nalo ni bati. Paa la nyumba lenye mita za mraba 100 linakupa takriban lita 100 kwa kila milimita moja ya mvua, ukiacha zinazopotea. Mvua za milimita 60 zikijumlishwa, siku mbili tatu za masika zilizochangamka, umejaza tanki la lita 5,000. Mfumo wako wote, matanki na maji yaliyomo kwenye kokoto, sidhani unazidi lita 3,000. Ukipoteza asilimia 2 kwa siku ni lita 60, kwa hiyo lita 5,000 ni karibu miezi mitatu. Kiangazi chetu ni kirefu kuliko hapo, Juni hadi vuli ianze, kwa hiyo lenga lita 10,000, hata ukiongeza tanki la pili mwakani. Fedha uliyotaka kununulia hita weka hapo. Mvua ya kwanza ya msimu iache ipite, imebeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Maji ya mvua nayo yana kasoro, kinyume cha yale ya kisima. Hayana cha kuzuia pH, na bakteria wanapofanya kazi yao wanatengeneza tindikali, kwa hiyo pH itashuka polepole: 7, 6.8, 6.5. Huko ndiko tunakotaka, kati ya 6.4 na 7 mboga, bakteria na samaki wanaelewana. Ikitaka kupita chini ya 6.2, ndoo mbili za maji ya kisima zinairudisha. Adui wako anageuka dawa, kwa kipimo cha ndoo. Au funga maganda ya mayai yaliyosagwa kwenye soksi, ning'iniza mahali maji yanapoangukia. Usitumie magadi ya jikoni, hayo ni sodiamu na mara nyingi floraidi, vitu vile vile tunavyovikimbia.

Hita sasa, na tuipige hesabu, wewe ni mwalimu. Kupandisha lita 1,000 za maji kwa nyuzi moja kunahitaji uniti 1.16 za umeme. Una lita 2,000, unataka kutoka 18 kwenda 26, nyuzi nane. Hizo ni uniti 18 na nusu, na usiku maji yanapoa tena, kesho unaanza karibu upya. Linganisha na uniti unazonunua kwa mwezi mzima uone. Umeme ukikatika usiku mmoja samaki wanashuka nyuzi hizo kwa mkupuo, jambo baya kuliko kukaa kwenye 18 ya kudumu.

Kitalu nyumba chenyewe pia hakikusaidii usiku kama unavyodhani. Plastiki inakamata joto la mchana, lakini alfajiri hewa ya ndani hupishana na ya nje kwa nyuzi mbili tatu tu. Kinachoweza kushika joto ni maji yenyewe, na fundi alikuwekea vitu viwili vinavyoyapooza. Kwanza matanki yako yamesimama juu ya matofali, yanapigwa na hewa pande zote sita. Pili pampu inazunguka usiku kucha, ikipitisha maji kwenye kokoto baridi. Kitanda cha kokoto usiku kinafanya kazi ya rejeta ya gari.

Kwa hiyo: tia pampu kwenye taima, kuanzia Juni hadi Agosti iwashwe mchana, na usiku dakika 15 tu kila baada ya saa mbili ili kokoto zisikauke na bakteria wasikose hewa. Pampu ndogo ya hewa iendelee usiku wote kwenye tanki la samaki. Matanki yafukie nusu yake ardhini, na nusu iliyobaki izungushie maranda ya mbao au pumba za mpunga zilizoshindiliwa kwenye mifuko ya nailoni, unene wa kiganja na nusu. Juu yake funika ubao saa kumi na moja jioni, funua asubuhi. Mapazia ya pembeni ya kitalu yashushe saa kumi alasiri jua likiwa bado lipo, usingoje giza, ukifunga usiku umefungia baridi ndani. Matanki yapake rangi nyeusi nje, kwa sababu hayo meupe yanapitisha mwanga na maji yanakuwa kijani. Ukitaka kwenda mbali zaidi, mita 50 za paipu nyeusi ya inchi moja zikizungushwa juu ya bati la banda, zipitishiwe maji saa tano hadi saa tisa, zitakupandishia nyuzi kadhaa siku ya jua. Siku za ukungu wa Julai hazikupi kitu, nisikudanganye.

Na hata ukifanya hayo yote, usifuge samaki wengi kwenye baridi. Hili ndilo ningependa lishike kuliko mengine. Huku kwetu samaki wana msimu, kama mahindi. Vifaranga waingie mwishoni mwa Septemba au Oktoba, wakubwa kidogo, gramu 20 kwenda juu, madume watupu kama mwuzaji anayo, kwa sababu majike na madume wakichanganyika wataanza kuzaana wakiwa na ukubwa wa kiganja na tanki litajaa watoto wasiokua. Walishe Oktoba hadi Mei, miezi ya joto. Mwezi wa tano uvue, uuze, ukaushe, ualike ukoo. Ubakize ishirini au thelathini wa kuwashikilia bakteria na kuilisha mboga hadi Septemba nyingine. Juni hadi Agosti kitalu kinakuwa cha mboga, na mboga za baridi zinapendeza wakati huo: saladi, spinachi, giligilani, kitunguu majani. Wewe ulitia Machi. Samaki wako walifika kwenye baridi wakiwa bado wadogo, baada ya miezi mitatu tu ya kukua.

Idadi nayo. Fundi alikupa 300 kwenye lita 2,000. Wakifika gramu 300 kila mmoja ni kilo 90, yaani kilo 45 kwa lita 1,000. Kwa mfumo wa nyumbani wenye pampu moja mimi sivuki kilo 20, na nalala vizuri zaidi kwenye 15. Kumbuka pia mwinuko: hewa ya huku ni nyepesi, na maji ya Usa River yanashika oksijeni pungufu ya yale ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Tia samaki 100. Ukiamka alfajiri ukawakuta wamepanga midomo juu ya maji wanavuta hewa, wamezidi, au pampu ya hewa imelala.

Umeme ukikatika pampu ya hewa ihame yenyewe kwenye betri. Zipo za volti 12, betri ndogo ya sola inaiendesha usiku mzima. Hii si anasa. Kama bado huna, weka ndoo na jagi karibu, na mtu wa kuamka kuchota na kumwaga kutoka juu.

Samaki 100 wa gramu 200 kwa wastani ni kilo 20, wanakula asilimia moja na nusu, gramu 300 kwa siku. Gramu 50 hivi za chakula kwa siku zinailisha mita moja ya mraba ya mboga za majani. Una mboga za mita sita, Mwalimu. Siyo sitini. Najua kitalu chako kina mita 60 na fundi alikuahidi kukijaza. Hii ndiyo hesabu ambayo watu hawaambiwi kabla ya kulipa. Rakocy na wenzake walitumia gramu 60 hadi 100 kwa mita, kwa hiyo sikubanii, nakupa ya huruma.

Mita zilizobaki usizihuzunikie. Zilime kwenye udongo ule ule wa Usa River wenye rutuba, ndani ya kitalu, na uzimwagilie tope linalotoka chini ya matanki ya samaki. Kila wiki fungua koki ya chini, chota ndoo tatu nne za uchafu mzito, mwagia mnafu, matembele na hoho. Kwenye kokoto weka vile vya haraka na vya bei: saladi, mnanaa, giligilani, figiri. Kusema kweli bustani ya tope ndiyo iliyonilipia mimi umeme, samaki walikuwa wanalipia chakula chao tu.

Ukihamisha vitanda kupisha ukarabati, kagua kokoto. Chota chache, zioshe, zikaushe, zidondoshee siki na uziweke karibu na sikio. Zikitoa povu au kuchachatika kama soda iliyofunguliwa, zina chokaa, zitakupandishia pH kila siku bila wewe kujua. Zisipofanya kitu zinafaa. Mawe mekundu mepesi ya volkano yenye vitundu, ambayo huku yamejaa tele, ni bora kuliko kokoto za kujengea: bakteria wanapata nyumba nyingi, na kitanda kinakuwa chepesi. Kitanda cha mita moja ya mraba chenye kina cha sentimita 30 ukikijaza kokoto za kawaida na maji kinapita nusu tani, na nimeshaona meza ya mbao za mninga bandia ikipiga magoti saa nane mchana na nyanya zote juu yake.

Kagua pia mirunda. Kama fundi aliipaka oili chafu kuzuia mchwa, hakikisha hakuna mrunda unaopita juu ya tanki, matone ya asubuhi yanateremka nayo.

Wadudu nitawapitia haraka kwa sababu kanuni ni moja: usipulize dawa ya wadudu ndani ya kitalu hicho, hata zile zinazoitwa za asili. Pareto, ambayo tunaisifu kwa sababu ni ua la milima yetu, inaua samaki kwa kiasi kidogo mno. Weka neti yenye matundu madogo pembeni, milango miwili yenye nafasi katikati, karatasi za njano za gundi kwa inzi weupe. Nyanya ningeziacha kabisa. Kantangaze, mdudu wa nyanya aliyetuingilia mwaka 2014, akiingia mle ndani huna silaha ya kumpiga bila kuwapiga samaki, na kuokota funza kwa mkono kwenye umri wako na wangu mgongo haukubali.

Kuhusu kambare wa jirani: anavumilia maji machafu na oksijeni kidogo kwa sababu anaweza kuvuta hewa ya juu, hilo ni kweli. Lakini naye baridi inamzuia kukua, wakubwa wanawala wadogo, na akilowa mvua ya usiku tanki likiwa wazi utamkuta kwenye nyasi za jirani huyo huyo. Mfuge baadaye ukipenda ladha yake.

Kwa wiki hii, acha kulisha kabisa hadi maji ya saa sita mchana yafike nyuzi 20, na siku hizo lisha saa nane mchana tu, kiasi kinachoisha kwa dakika tano. Kilichobaki kitoe kwa chujio la chai la zamani. Nyonya uchafu wa chini ya matanki. Badilisha robo ya maji, na kwa kuwa huna ya mvua sasa, heri ununue boza moja la maji ya bomba kutoka upande usio na floraidi, yakae wazi siku mbili klorini itoke. Samaki waliobaki, zaidi ya 200, vua wakubwa mia na kitu sasa hivi ule na ndugu. Bado ni wadogo, lakini ni chakula, na wakiondoka waliobaki watapumua.

Nunua daftari. Kila siku saa kumi na moja alfajiri andika joto la maji, mara mbili kwa wiki andika pH na amonia. Vifaranga wapya usiwaagize hadi daftari lioneshe nyuzi 21 au zaidi alfajiri kwa siku saba mfululizo na amonia iko karibu na sifuri. Nakisia kwako itakuwa wiki ya kwanza ya Oktoba. Nitumie ukurasa ule kwa picha ukifika, na usisahau ile karatasi ya maabara. Floraidi ikizidi 1.5 kwenye tanki, tutaanza kwa kumwaga maji yote kabla hatujaongea habari za samaki.